Nilivyoitwa Bwana Mzimu

Kuna ofisi moja Arusha ambayo kwa miaka kama miwili nilikuwa nikitokea tu mlangoni, dada wa mapokezi ananyanyua simu ya ndani na kusema, "Bosi, Bwana Mzimu amefika." Hakuwa na ubaya. Jina lenyewe sikusingiziwa, nililipata kwa jasho langu na nikalipwa hela juu yake.

Mimi ni mfasiri. Naishi Moshi, Majengo, na hapa mtaani kazi yangu haijaeleweka mpaka leo. Mama mwenye nyumba wangu anaamini nachapia watu barua. Tunalipwa kwa hesabu ya maneno, kama fundi anavyohesabu matofali, na ndiyo maana mfasiri mwenye njaa haulizi maswali mengi. Akiona neno, analibadilisha na kusonga mbele.

Mwaka 2016 nilikuwa na njaa. Rais Magufuli alikuwa ameagiza orodha za mishahara ya serikali zihakikiwe, na ilipofika Mei ikatangazwa kwamba majina zaidi ya 10,000 yameondolewa. Walikuwemo waliokufa, waliostaafu, walioacha kazi, na mishahara yao ilikuwa inaendelea kutoka kila mwezi. Homa ya uhakiki ikapanda hadi kwenye ofisi zisizo za serikali. Hiyo ya Arusha ikaamua wahasibu wake wapigwe msasa, ikanipa kijitabu cha Kiingereza cha kurasa 34 nikitoe kwa Kiswahili ndani ya siku nne.

Sasa, Waingereza watumishi wa namna hiyo wanawaita kwa neno "ghost". Redioni nilikuwa nasikia kila siku "watumishi hewa, watumishi hewa", lakini nikajiona mjuzi. Mimi ni mtu wa Tanga bwana, Kiswahili nimekinyonya. Hewa nikaiona ni lugha ya vijiweni iliyopanda jukwaani kwa bahati, na mimi naandika kitabu cha mafunzo, lazima niweke neno lenye uzito. Nikaandika "wafanyakazi mizimu". Mara kumi na tisa.

Semina ikafanyika, mimi sipo. Nilisimuliwa na watu wanne tofauti, kila mmoja akiongeza chumvi yake, ila wote walikubaliana hapa: mkufunzi alifika ukurasa wa 11 akasoma kwa sauti kichwa cha habari, "Dalili za kuwepo kwa mizimu katika idara yako." Kimya kikapita. Kisha mama mmoja wa makamo, mhasibu wa siku nyingi, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hapo tumwite mkaguzi au mganga?"

Kikao hakikurudi tena kwenye mstari mpaka chai ya saa nne.

Nilikasirika, kisha nikaona haya, kisha (hii ndiyo tabia yangu mbaya) nikataka kujua nimekosea wapi hasa. Maana kamusi ilikuwa upande wangu. Ukifungua, "ghost" ni mzimu, pepo, kivuli, roho ya mtu aliyekufa. Nilichagua la kwanza. Ila yule mama hakuhitaji kamusi kujua kwamba mzimu hauwezi kuchukua mshahara wa mtu. Mzimu una kwao, una watu wake, na una madai yake, na madai hayo mara nyingi ni ya haki: kaburi limesahauliwa, ahadi haikutimizwa. Mzimu hauibi, unadai chake. Mtumishi hewa ni jina lisilo na mtu nyuma yake. Ukiliita hutaitikiwa, na hakuna wa kumfanyia tambiko. Mtaa ulikuwa umeligundua hilo zamani, kabla ya mimi na kijitabu changu, ndiyo maana tuna wanafunzi hewa, kaya hewa, mikopo hewa, na hakuna mtu hata mmoja anayeuliza maana yake.

Tena kadiri nilivyoendelea kuchimba ndivyo hewa ilivyozidi kunitia adabu. Pepo na upepo ni watoto wa nyumba moja, pamoja na kupepea na kupeperuka. Roho tumeipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo linakaa jirani kabisa na lile la upepo. Walatini nao roho yao ilianzia kwenye pumzi. Kumbe watu wa mataifa mengi, walipotafuta jina la kitu kisichoshikika, walinyoosha mkono wakashika hewa. Vijana wa kijiweni walikuwa kwenye njia ya mababu, mimi ndiye niliyepotea.

Hata hilo "ghost" lenyewe lina kisa chake. Ni ndugu wa "Geist" ya Wajerumani, na ile h iliyokaa pale katikati haikuwemo tangu mwanzo. Iliingia karne ya 15 kwenye kiwanda cha chapa cha William Caxton, kwa mazoea ya tahajia ya Kiflemi. Haitamkwi, haina kazi, lakini inachukua nafasi kwenye kila ukurasa hadi leo. Herufi hewa. Laiti ningelijua hilo mapema, ningelimpa mkufunzi wangu wa watu akajitetee nalo.

Sasa kosa langu lilikuwa na mizizi, na mizizi ilikuwa Tanga.

Kwetu, nilipokuwa mdogo, mzimu alikuwa si mtu tu. Mzimu ni mahali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anafunga khanga mbili, anachukua ubani na kichupa cha marashi, anasema "nakwenda mzimuni", kama unavyosema nakwenda sokoni. Aliwahi kunichukua mara moja. Ni mbuyu, wenye pango chini ya shina lililojaa ukungu, na humo kuna vyungu vyenye midomo iliyobomoka, sarafu zilizoota kutu, na vitambaa vyeupe na vyekundu vilivyopauka mpaka vyote vimekuwa rangi moja ya chai ya maziwa. Bibi akaniambia nivue ndara. Akasema maneno yake kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ileile aliyotumia kumwambia muuza samaki wa jana walikuwa wamelala. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa, na nikarudi nyumbani nimedhulumiwa woga wangu. Watu wa Tanga wanaokwenda Mapango ya Amboni wanajua ninachosema, humo ndani pia watu wanaacha marashi na vitambaa. Na Dar es Salaam kuna kata nzima inaitwa Mzimuni, pale Magomeni, watu wanaamka, wanakaanga vitumbua, wanapanda daladala, wala hakuna anayeshtuka.

Wa kuogopwa walikuwa wengine. Kinyamkera aliyekuja na kimbunga cha vumbi saa saba mchana. Chunusi wa majini, anayevuta miguu ya waogeleaji. Majini wenyewe, ambao kwa Waarabu jina lao limetoka kwenye kufichika. Halafu mzuka, huyu jina lake linajieleza, amezuka, hukumtarajia. Na cha ajabu, ni huyu mzuka wa kutisha ndiye aliyefika mjini akabadilika kuwa mtu wa starehe. Hapa stendi ya Moshi madereva wa bodaboda wanaamkiana naye asubuhi. "Mzuka, mwanangu?" "Mzuka!" Muziki ukikolea mzuka umepanda. Babu zetu wangesikia hivyo wangefunga milango.

Kwa hiyo Kiswahili cha kwetu kimemweka mzimu kwenye ngeli ya u na i. Mzimu, mizimu, kama mti, miti, kama mlima, moto, moshi. (Mji ninaoishi wenyewe unaitwa Moshi, lakini hiyo tuiache.) Niliona sawa tu. Kitu kinachokaa kwenye mti kipewe ngeli ya miti. Sikuwahi kudhani kwamba hapo kuna jambo la kugombana.

Ugomvi ulinikuta Old Moshi, Septemba 2023.

Nimeoa huko. Baba mkwe wangu ana kihamba, shamba la ukoo, upande wa juu, ukitoka Kiboriloni unapanda bodaboda mpaka masikio yanaziba. Mwezi huo taasisi moja ya makumbusho ya Berlin ilikuwa imetangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba. Mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa Kilimanjaro wakati wa Wajerumani yalilinganishwa na mate ya watu walio hai huku mlimani, na matatu yakapata ndugu zao. Moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi enzi hizo. Mawili yakaelekea kwenye ukoo wa Mangi Molelia wa Kibosho. La Mangi Meli mwenyewe halikuwemo kati ya yaliyolingana. Akaja mgeni kutoka Ujerumani, mtu mpole, msomi, anataka kuzungumza na wazee, anahitaji mkalimani. Nikasema mzee ninaye, tena wa bure.

Tulimkuta baba mkwe nyuma ya nyumba. Makaburi ya ukoo yako pale pale kihambani, kati ya migomba na mistari ya kahawa, kama ilivyo kwa Wachaga wengi. Ya zamani yamezungushiwa masale tu, ule mmea wa heshima wa Wachaga, ya karibuni yamejengwa kwa saruji na marumaru. Kaburi la baba yake, lile lenye marumaru nyeupe, lilikuwa limeanikwa maharage. Mgeni akasimama, hajui atazame wapi. Baba mkwe alikuwa ameinama anayageuza kwa kiganja, taratibu, anaokota vijiwe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Karibuni. Hapa ndipo jua linapofika vizuri," akasema, akiwa amemwona mgeni anavyotazama. "Na kuku hawasogei. Mzee mwenyewe analinda."

Nikatafsiri. Mgeni akaandika kwenye daftari lake, akaanza kuuliza. Aliuliza vizuri, hakuwa mtu wa haraka. Wakazungumza juu ya tarehe 2 Machi 1900, siku ambayo Mangi Meli alinyongwa kwenye mti pale Tsudunyi pamoja na wenzake, jumla watu 19, na jinsi watu wa hapa walivyopokezana habari kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na jinsi mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alivyokidai kwa miaka na miaka. Baba mkwe alikuwa anajibu huku mikono iko kwenye maharage. Kisha mgeni akauliza kama watu wa hapa wanaamini kwamba roho za wale walionyongwa bado zipo. Na mimi, Bwana Mzimu, baada ya miaka saba, nikafungua mdomo:

"Baba, anauliza kama mizimu ya wale walionyongwa bado inasumbua watu."

Angalia nilivyofanya. Mgeni hakuuliza habari ya kusumbua. Hilo lilikuja lenyewe, limebebwa mgongoni na mzimu.

Mikono ikasimama. Baba mkwe akanyanyuka, akajipangusa kwenye suruali, akanitazama mimi, si mgeni.

"Nani mzimu?"

"Wale wazee, baba. Yaani…"

"Huyu," akagonga marumaru kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kama anabisha hodi, "huyu ni mzimu? Mimi nimezaliwa na mzimu?"

Nikaanza kueleza kwamba Kiswahili, kamusi, sijui nini. Akanikata.

"Mizimu ni mambo yenu huko chini, ya kwenye mibuyu. Huku kuna warumu. Mrumu ni mtu. Ana jina, ana mke, anajua kihamba chake kinaishia wapi. Mbege ikiiva unamwita kwa jina, unammiminia, unamwambia mambo ya nyumbani. Huyu mwenzako amesema 'inasumbua'. Kwani baba yangu ni inzi?"

"Hajasema yeye baba. Nimesema mimi."

"Basi muombe radhi."

Sikuelewa nimuombe nani, mgeni au kaburi. Nikaomba radhi kwa ujumla.

Baada ya hapo akaongea robo saa nzima bila kuulizwa, na nadhani ndiyo robo saa pekee iliyomfaa mgeni siku ile. Alieleza kwamba zamani mkubwa wa nyumba akishazikwa, baada ya muda fuvu lake lilikuwa linainuliwa na kuwekwa kihambani, mahali pake, penye masale, ili awe karibu na watu wake. Kwa hiyo kukata kichwa cha Mangi na kukisafirisha ng'ambo hakukuwa tu kumdhalilisha maiti. "Umemhamisha nyumba," alisema. "Utamwita aje, na huko aliko hakuna anayejua lugha yake?" Mgeni aliponiuliza amesema nini nilichelewa kujibu, maana nilikuwa nawaza, vifuvu vile vimekaa kwenye masanduku vikiwa na namba. Namba na hakuna jina. Wale ndio waliofanywa hewa.

Tulipokuwa tunaondoka mgeni, kwa nia njema, akauliza kama irimu wa kwenye hadithi za Wachaga ni aina ya mrumu. Baba mkwe akacheka kwa mara ya kwanza. Irimu ni lile dude la hadithi za usiku, linalokula watu, ndilo zimwi letu. "Huyo ni wa kutishia watoto wale haraka wakalale. Usiwachanganye."

Nilirudi Majengo usiku nimejaa aibu na ndizi, maana kwa baba mkwe huondoki mikono mitupu. Sikulala. Nikawasha kompyuta nikaanza kuwatafuta wafu wa majirani.

Wanyarwanda: umuzimu, wingi abazimu. Washona wa Zimbabwe: mudzimu, wingi vadzimu. Watswana: badimo. Wakamba wa Kenya: aimu. Mzizi ni ule ule mmoja, wa kale sana, umetapakaa kutoka Maziwa Makuu mpaka kusini kabisa mwa Afrika, na wapo wataalamu wanaouhusisha na kitenzi cha kuzima, kama moto unavyozima, kama mtu anavyozimia. Kuzimu ya kwenye Biblia iko humo. Zimwi na irimu wako humo. Nikaangalia vile viambishi vya wingi: aba-, va-, ba-, wa-. Kila niliyemgonga alikuwa amewaweka wafu wake kwenye ngeli ya watu. Kati ya wote niliowakuta usiku ule ni sisi wa pwani tu, nikajisemea, sisi na mibuyu yetu, tuliowafukuza wakakae na miti. Baba mkwe alikuwa na haki ya kunigombeza kwa kiambishi kimoja.

Watswana wana kisa kinachouma zaidi. Wamisionari walipotafsiri Biblia, lile neno kwa umoja, Modimo, likachukuliwa kuwa Mungu. Kwa wingi, badimo, wale wazee wa nyumbani, likawekwa mahali pa pepo wachafu. Yaani mmoja kapandishwa mbinguni na ndugu zake wakatupwa kwa nguruwe wa Gerasi. Wa kwetu walikuwa waangalifu zaidi, au waoga zaidi. Katika ile Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, wanafunzi wanapomwona Yesu anatembea juu ya maji wanapiga yowe, "Ni kivuli", na anapowatokea baada ya kufufuka wanadhani wanaona roho. Mzimu hakuguswa. Nadhani watafsiri walijua wangezua maswali ya mganga, kama mimi.

Ilikuwa kama saa nane za usiku. Mke wangu akaamka kunywa maji, akanikuta nanong'ona viambishi peke yangu gizani, uso unang'aa kwa mwanga wa kompyuta.

"Wewe una wazimu?" akasema, akarudi kulala.

Nikabaki na lile neno.

Wazimu. Wa-zimu. Nimelitumia maisha yangu yote, nimeitwa hivyo na walimu, nimewaita hivyo madereva wa Hiace, na sijawahi kuliangalia. Ni wingi. Ni ule wingi wa zamani wa mzimu, kwenye ngeli ya watu, kama abazimu, kama vadzimu, kama warumu. "Ana wazimu" ilikuwa na maana ya wazi kabisa: ana wafu, wamo ndani yake, wamempanda. Waarabu nao walipita njia hiyohiyo, kwao kichaa ni majnuni, mtu aliyeingiliwa na jini. Kwa hiyo pwani nako kulikuwa na wakati ambapo mizimu walikuwa wazimu, watu kati ya watu. Kisha wale wafu wakahamishiwa kwenye miti, na jina lao la zamani likabaki kwa mgonjwa. Leo hata lenyewe tumelisahau kuwa ni la watu, tunasema wazimu umempanda, u-, kitu kimoja kisicho na uso. Tumewatoa watu ndani ya neno na neno likaendelea kutembea.

Nilitamani kumwamsha mke wangu nimweleze. Nikapima, nikaona nitathibitisha alichouliza.

Na kwa watakaouliza, maana niliulizwa siku nilipoyasimulia haya kijiweni: mzima na mzimu hawahusiani. Uzima wa "hujambo, mzima?" una mzizi wake mwingine, Wakikuyu bado wanautamka kwa g, mũgima. Wamekutana njiani tu, wakabaki wanatofautiana kwa herufi moja ya mwisho. Ila nakiri tangu siku ile mtu akiniuliza "mzima?" kuna sekunde moja nasita.

Kazi ya mgeni ilibaki. Tulikuwa tumerekodi saa mbili na nusu, nikaziandika kwa Kiswahili, kisha nikazitia kwenye Kiingereza. Nilipofika kwenye robo saa ile ya baba mkwe nilikaa nayo siku tatu. Nikijaribu "ghosts", namsikia anagonga marumaru. "Spirits" kwangu inanukia pombe ya dukani. "Ancestors" ndiyo ilikuwa karibu, lakini hiyo ni ya watu waliokwisha pita, ya kwenye mti wa ukoo, na yule mzee wa maharage hajapita, analinda kuku. Mwishowe nikaliacha jinsi lilivyo. Warumu. Mara ya kwanza nikaweka sentensi mbili za maelezo, halafu likaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, mara 41.

Mgeni alifurahi. Mhasibu wa waliomtuma hakufurahi. Wana programu inayohesabu maneno na kulinganisha, na ikaona kuna neno limeingia likatoka bila kubadilika. Akaniandikia kwa adabu sana kwamba maneno 41 katika ankara yangu hayakutafsiriwa, hivyo hayawezi kulipiwa. Kwa shilingi 80 kila neno, wamekata shilingi 3,280. Nilisoma ile barua mara mbili. Baada ya yote yale, warumu wa Old Moshi walikuwa wamegeuka maneno hewa, tena kwenye ankara yangu mimi.

Krismasi tulipopanda mlimani nikamsimulia baba mkwe. Alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na makaburi, kata ya mbege mkononi, povu la ulezi limemganda kwenye sharubu. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka nirudie kiasi.

"Elfu tatu mia mbili na themanini."

"Kwa ajili ya hawa?"

"Kwa ajili ya hawa, baba."

Akafikiri. Akamimina kidogo pale chini, kwenye mizizi ya masale, akasema kitu kwa Kichaga ambacho nilisikia ndani yake jina langu. Kisha akanipa kata.

"Basi umewanywesha," akasema. "Nimewaambia ni wewe."